Uzi maalumu: kushuka kwa miguu toka rweya ya Kamachumu hadi gesti ya Muhutwe

MalundiMarefu (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Kila likizo ikikaribia humu ndani hujaa nyuzi za Kilimanjaro: gharama za geti, wapagazi, mahema ya kukodi. Sina ugomvi na mlima. Ila kuna sisi wa Nyakato, Buhongwa na Igoma hapa Mwanza tunaopata wikiendi moja kwa tabu, nauli ya kuunga, na bado tunapenda kutembea. Uzi huu ni wetu.

Nazungumzia mteremko wa kutoka uwanda wa Kamachumu, wilaya ya Muleba, kushuka hadi Muhutwe pale barabara ya Kamachumu inapokutana na barabara kuu ya Bukoba. Unalala gesti, kesho yake unarudi Mwanza. Nimeupita masika na kiangazi, peke yangu na nikiwa na kundi, na msimamo wangu ni mmoja: kule juu hapamshindi mtu. Safari huharibikia kwenye saa ya mwisho, pale unapotoka kwenye nyasi, unaingia kwenye migomba, na hujui utalala wapi. Watu wanapanga asubuhi mpaka soksi, halafu jioni wanaiachia Mungu.

Kwa ambao hawajafika Kagera upande huo, ardhi yao ni ya namna mbili. Kuna vijiji vilivyozama kwenye migomba na kahawa, na kati ya kijiji na kijiji kuna rweya: nyasi tupu, upepo, mawe ya mchanga yanachungulia hapa na pale, miti ya kuhesabu. Mvua ya Bukoba inakaribia milimita 2000 kwa mwaka, na juu ya mawe ya namna ile inaosha chakula chote cha udongo na kukipeleka chini. Ndiyo maana unaweza kusimama mpakani, mguu mmoja kwenye kibanja (shamba la nyumbani) cheusi chenye migomba minene, mguu mwingine kwenye nyasi ambazo hata ng'ombe anazila kwa sababu hana la kufanya. Tofauti yote hiyo imeletwa na mikono ya watu: samadi, majani, maganda ya jikoni, miaka na miaka. Rweya yenyewe ni ya malisho, nyasi za kuezekea na kutandika, na vishamba vya njugu mawe vya akina mama.

Tena mnajua kwamba watu walifua chuma upande ule miaka zaidi ya 2000 iliyopita? Mwanaakiolojia Profesa Peter Schmidt alichimba Katuruka kule Maruku, na Kemondo pia, miaka ya 1970, akakuta mabaki ya tanuri. Chuma kinataka makaa na makaa yanataka miti. Ukiwa katikati ya rweya jua la saa saba linakuchoma utosini, utawakumbuka wale wahunzi kwa jina baya.

Turudi kwenye safari.

Kufika. Njia ninayoipenda ni meli. MV Victoria, ile iliyokarabatiwa ikarudi majini 2020, inaondoka Mwanza usiku na kupita Kemondo alfajiri kabla ya kumalizia Bukoba. Haisafiri kila siku, kwa hiyo ulizia ratiba bandarini mapema. Ukishuka Kemondo unatafuta mchomoko (gari dogo la abiria) wa kukupeleka Muhutwe na kupanda Kamachumu, na ikifika saa nne asubuhi uko juu, umekunywa chai. Kwa basi nako siku hizi si haba, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, lakini utafika Muleba mchana umechoka na itabidi ulale kwanza.

Njiani Muhutwe, ukiwa bado na mchomoko, SIMAMA. Shuka, ingia gesti, tazama chumba, lipa, chukua namba ya simu ya mhudumu. Ndiyo, kabla hujatembea hata hatua moja. Hii ndiyo siri yote ya uzi huu, mengine ni mapambo. Ukishajua kitanda kiko wapi, jioni unatembea na akili yako yote.

Muda. Hapa najua nitabishana na watu. Usianze alfajiri. Anza saa nne hadi saa tano.

Njia. Barabara ya magari inazunguka sana ila haipotezi mtu. Njia za miguu zinakata nyasi kuelekea mashariki, na ziwa unaliona muda mwingi, ukipoteza ziwa umekosea. Tatizo la rweya ni wingi wa njia. Njia ya ng'ombe inaanza pana, inajigawa, halafu inafia kwenye nyasi. Njia ya watu ni nyembamba lakini haifi, na mara nyingi utaona alama ya tairi la baiskeli, kwa sababu mikungu ya ndizi inasafiri kwa baiskeli. Fuata baiskeli.

Mteremko wenyewe ni mkali sehemu chache tu, ila udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Hatua fupi, magoti yalegee kidogo, fimbo mkono wa upande wa bonde. Kucha za miguu zikate siku mbili kabla, maana mteremko unasukuma vidole mbele kwenye kiatu, na ukucha mrefu utaung'oa. Chini ya ukingo utakuta chemchemi, mvua iliyozama juu inatokea pale. Omba maji, usijichotee tu.

Viatu nenda soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, buti za mtumba nzuri zipo. Usitazame ngozi, pinda soli. Zile soli za povu zikikaa miaka stoo zinaoza ndani kwa ndani, unanunua kitu kinachong'aa halafu katikati ya nyasi soli inabaki nyuma vipande vipande.

Jua kule linazama karibu saa moja. Wenzetu wa Dar mtaona linachelewa na mtajiachia, lakini likishazama, giza halichelewi hata kidogo. Saa kumi na moja jioni uwe umeshaingia kwenye vijiji. Kwenye migomba ukipotea unauliza. Kwenye rweya saa moja na nusu usiku utamuuliza nani?

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Kipusa_wa_Kirumba

Asante mleta uzi, nimehifadhi. Mimi ni dada, natembea sana peke yangu hapa mjini, Capri Point naijua mawe kwa mawe. Swali: dada peke yake kule juu vipi? Na hizo gesti, ukiingia peke yako umechafuka matope, hawakuangalii vibaya?

Simba_wa_Mabatini

Uzi mrefu bila hata picha moja. Boda toka Kamachumu hadi Muhutwe unafika hata njaa haijakuuma. Ya nini mateso?

MalundiMarefu

Mkuu Simba, boda ipo na uchukue namba yake kabisa, mguu ukigoma ndiyo itakayokuokoa. Picha sipigi watu kwenye vibanja vyao, na nyasi zenyewe ukipiga picha zinatoka kama kiwanja cha shule.

Dada Kipusa, kwenye rweya yenyewe sijawahi kusikia shida, ila nisikudanganye, mimi ni mwanaume na huenda yapo nisiyoyaona. Wakina dada waliopita waje waseme. Nitakachosema ni cha gesti. Ukifika mapokezi utaulizwa: ya kulala au ya kupumzika? Jibu "ya kulala" kwa sauti ya kusikika, bei zake ni tofauti na macho ya watu yatatulia. Omba chumba kilicho mbali na baa, maana gesti nyingi za miji midogo zimejengwa mgongoni mwa baa, na Jumamosi spika haina huruma na mtu aliyetembea. Kabla hujalipa ingia chumbani: komeo la ndani linafunga? Dirisha lina nondo? Chandarua kina matundu mangapi? Taa inawaka? Maji ya moto yataletwa kwa ndoo, agiza mara moja na chakula agiza saa hiyohiyo, ndizi zinachukua muda kuiva na jiko likishafunikwa utalala na biskuti.

Kitabu cha wageni jaza kwa ukweli. Jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Wengi huandika uongo kwa mazoea (tunajua kwa nini, tusifike huko). Ukiwa mtembeaji, ule mstari ndio ushahidi pekee kwamba jana ulikuwa hai.

Ukiwaambia umetoka Kamachumu kwa miguu watakuuliza gari limeharibikia wapi. Zoea tu.

Mwanamke_wa_Ngazi

Dada Kipusa, nimepita mimi, tulikuwa wanawake wawili. Njia nzima hatukusumbuliwa, tulisalimiwa mpaka tukachoka kuitikia. Mbinu yangu ni kuambatana na akina mama wanaotoka kwenye vishamba au sokoni, wao wanajua njia inayofika na wanatembea haraka kuliko wewe wakiwa na mzigo kichwani, utaona aibu mwenyewe. Beba kanga. Inakuwa taulo, shuka la gesti usiloliamini, sketi ya kupita kwenye miji ya watu, na kivuli.

Ila peke yako kabisa nisingekushauri mara ya kwanza, na si kwa ajili ya watu. Ukiteguka mguu katikati ya rweya mtandao unaingia na kutoka. Lipa kijana wa pale Kamachumu akusindikize mpaka mwanzo wa mteremko. Mwache mtu wa gesti akijua utafika saa ngapi. Sisi mhudumu wetu alitupigia saa kumi na mbili kuuliza tuko wapi, na tulikuwa hatua chache tu nje ya geti.

TaKibanja

Nimesoma yote. Mimi ni mzee wa huko huko juu, kijana wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Mmeandika vizuri, lakini waitu naomba niwarekebishe mambo mawili.

La kwanza, msiseme rweya kama vile haina mwenyewe. Kwa macho ya mgeni ni pori. Kila kipande kina ukoo, au kijiji, au mtu aliyepewa. Zamani kulikuwa na nyarubanja, watu wakilima ardhi ya wakubwa na kulipa kwa kulima, jambo hilo lilifutwa na serikali miaka ya 1960, na wazee waliokula uchungu wake hawajasahau. Siku hizi watu wanapanda paini na mikaratusi kwenye rweya, mti wa kuuza una faida kuliko nyasi. Njia alizopita huyu kijana mwaka juzi nyingine zimeshakuwa shamba. Ukikuta miche, zunguka. Miche ya paini mwaka wa kwanza ni midogo, imejificha kwenye nyasi, buti moja inaua. Wala msivute sigara kule kiangazi. Moto wa rweya ukipata upepo wa mchana hausimami mpaka ufike kwenye kibanja cha mtu.

La pili ni kubwa zaidi. Mvua ikiwakuta kwenye migomba, MSIKATE JANI LA MGOMBA kujifunika. Najua wageni wanapenda, wanapiga na picha. Mnyauko wa migomba uliingia Muleba 2006 na umetuhangaisha tangu hapo. Ugonjwa unasafiri kwenye kisu. Unakata mgomba mgonjwa hapa, unakata mzima kule mbele, umeshampa mama wa watu njaa, na wewe uko kwenye meli unarudi Mwanza. Sisi wenyewe tunafundishwa kupitisha panga kwenye moto baada ya kila shina. Nunueni mwavuli.

Na mkipita uani kwa watu semeni hodi hata kama mnapita tu. Njia nyingi za vijijini kwetu zinapita mlangoni kabisa. Mkikaribishwa kahawa ya kutafuna pokeeni, hata moja, mkiweka mfukoni mnatuudhi.

MalundiMarefu

Shikamoo mzee wetu. Nashukuru sana, hasa hilo la kisu. Nimeliongeza kwenye daftari la safari kwa herufi kubwa. Na ile njia iliyokuwa ikipita karibu na paini, unaijua hali yake sasa? Nikijua nitawaelekeza wenzangu vizuri.

Fundi_Rada

Mkuu Malundi unapotosha watu. Kanuni ya kutembea dunia nzima ni kuanza alfajiri. Mvua za Kanda ya Ziwa zinakuja jioni. Ukianza saa tano utanyeshewa mteremkoni, ndiyo hilo sabuni lako.

MalundiMarefu

Nilijua tu utakuja.

Unachosema ni kweli ukiwa nchi kavu mbali na ziwa, na upande wa mashariki ya ziwa kule Kenya mvua za alasiri ni kawaida. Magharibi ya ziwa mambo yamegeuka. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka kila upande wa pwani kuelekea katikati ya ziwa. Pepo zikikutana pale hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajengeka usiku kucha juu ya maji, wavuvi wa dagaa wanajua hiyo radi. Kukipambazuka upepo wa mashariki unayasukuma yote kuelekea Bukoba na Muleba. Ndiyo maana kule mvua nzito na radi hupenda alfajiri na asubuhi, na kufika mchana mbingu zimefunguka. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi kwenye rweya, wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote eneo zima, na radi ya ziwa hili haina mchezo.

Si amri ya Mungu, ipo siku itanyesha alasiri. Aprili inanyesha itakavyo, mimi Aprili siendi. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yangu. Novemba na Desemba ni tamu kwa sababu ya senene (wale panzi wa kuliwa), ila jiandae kulowa.

Fundi_Rada

Sawa, kwa hoja hiyo nakuachia. Ila saa tano bado ni kuchelewa mno kwa mtu mwenye miguu mizito. Saa nne mwisho.

Mtoto_wa_Igogo

Niko mbali ila uzi huu umenirudisha nyumbani. Nilisoma Manchester, na pale watu wana ugonjwa huu huu wenu wa kutembea juu kwenye nyanda tupu na kushukia mji mdogo kulala. Kuna uwanda unaitwa Kinder Scout, mita 636, chini kidogo ya nusu ya urefu wa Kamachumu, lakini usiudharau. Hakuna mti. Badala ya mawe ya mchanga peke yake, juu yake kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza karne na karne, umejaa maji, unazama mpaka goti. Ukungu ukishuka huoni viatu vyako. Njia ndefu ya kwanza ya kitaifa ya Uingereza, Pennine Way, inaanzia kijiji cha Edale chini ya uwanda ule na kwenda kilomita 431 mpaka Kirk Yetholm huko Skotilandi. Ilifunguliwa 1965.

Alichosema TaKibanja kuhusu mwenye ardhi kimenigusa kwa sababu kule walipigania jambo hilo kwa kinyume chake. Uwanda ulikuwa wa matajiri wa kuwinda ndege, vijana wa viwandani wa Manchester walikuwa wakifukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia yao walipanda Kinder Scout kwa makusudi. Vijana watano walifungwa jela. Sheria ya kuwapa watu haki ya kutembea kwenye nyanda kama hizo ilikuja kukamilika mwaka 2000. Sisi rweya tunapita bure kwa sababu ya uungwana wa wenyeji tu, hakuna aliyefungwa kwa ajili yetu. Kwa hiyo mzee akisema zunguka miche, zungukeni.

Kuhusu kulala. Wao wana nyumba za wageni za bei nafuu kwa watembeaji, chama chao kilianza 1930. Chumba kimoja vitanda vya dabodeka, mnakoroma sita mpaka nane, jiko mnapika wenyewe na kuosha sufuria wenyewe. Mwanzoni niliona ni bweni la sekondari na bado unalipia. Kitu kimoja tu nilikipenda kupita kiasi: chumba cha kukaushia. Kijichumba chenye joto, kamba na rafu, mnaweka viatu na makoti yote yaliyolowa, asubuhi makavu. Mwenye gesti yoyote kwenye njia ya watembeaji akiweka kitu kama hicho, hata banda la bati karibu na jiko la kuni, wateja hawatamwisha.

Na giza. Juni kule jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, unatembea mpaka unasahau kula. Desemba, saa kumi jioni kwisha habari.

Simba_wa_Mabatini

Kwa hiyo Wazungu walifungwa jela ili wakalale dabodeka. Nimeelewa.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Hilo la kukausha viatu limenifanya niandike, maana najua mtakachofanya. Huko usiku kuna baridi, mtaomba jiko la mkaa muingize chumbani mkaushe viatu na kuota moto, mfunge dirisha sababu ya mbu. MSITHUBUTU. Gesi ya mkaa haina harufu wala rangi, unapata usingizi mzito na huamki. Nimepokea watu wa namna hiyo, wengine tumewapoteza. Jiko libaki nje au jikoni. Viatu vitoe soli za ndani, jaza magazeti makavu, badilisha kabla ya kulala, viegemeze karibu na jiko la mama wa chakula kwa heshima zako. Asubuhi vitakuwa vinavalika.

Malengelenge: sehemu ikianza tu kuuma simama, usisubiri chini. Bandika plasta pana ngozi ikiwa bado nzima. Likishajaa maji usilipasue ovyo na pini ya kanga, na wewe Mwanamke wa Ngazi nakuona.

Tena kuna hii tabia ya kufika chini na kukimbilia kutumbukiza miguu ziwani ili ipoe. Kichocho kipo. Yule mdudu anatoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia penye majani, anapita kwenye ngozi, hahitaji hata kidonda. Ndoo ya gesti inatosha kabisa. Ukiumia kweli ungali juu, hospitali ya Ndolage ya kanisa la Kilutheri (KKKT) iko upande huo huo wa Kamachumu, rudi juu, usijikongoje kushuka kwa sababu tu umeshalipia chumba.

Mwanamke_wa_Ngazi

Pini ilikuwa safi.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Haikuwa safi.

Kipusa_wa_Kirumba

Jamani nimecheka. Basi nimeamua, tunaenda watatu, mimi na wifi yangu na rafiki yake, mwezi wa saba. Meli kwenda, meli kurudi. Kurudi tunapandia Kemondo au twende mpaka Bukoba?

MalundiMarefu

Kemondo iko karibu zaidi na Muhutwe. Meli inatoka Bukoba usiku na kupita hapo usiku huo huo, mnaamka Mwanza. Ila tiketi kateni mapema, ndizi za Kagera nazo zinasafiri na mtajikuta mnagombea nafasi na mikungu. Mkiwa na siku nzima ya kupoteza, nendeni Bukoba mjini kwa daladala, mle, mpumzike, mpandie huko huko mwanzo wa safari, mtachagua pa kukaa. Ndivyo ningefanya nikiwa na wifi.

Bei za gesti siandiki hapa, zinapanda kila mara halafu watu wanakuja kunitukana. Patana. Mkisema mnalala watatu na mtakula hapo hapo, watapunguza.

Kipusa_wa_Kirumba

Sawa kaka. Mzee TaKibanja kama upo bado, hilo swali la njia ya paini hujajibu, na sisi ndio tutakaopita.

TaKibanja

Nipo mwanangu, macho ndiyo hayasomi usiku.

Njia ya paini msipite. Mwenye shamba ameweka seng'enge tangu kiangazi kilichopita, na hana kosa, ng'ombe walimmalizia miche. Mkifika mahali njia inapogawanyika penye jiwe kubwa lililolala, ya kushoto ndiyo iliyofungwa. Shikeni ya kulia, inashuka kisimani. Inaonekana kama inawarudisha nyuma kwa muda, msiogope, inazunguka kichaka halafu inatokea kwenye migomba ya kwanza. Hapo mtakuta nyumba ya bati jekundu na mbwa anayebweka sana. Haumi. Semeni hodi, mtaonyeshwa njia ya Muhutwe, na kama ni saa tisa mtakuta maharage motoni.